Sheikh Abdulla Saleh Farsy: aliyetufahamisha tunachokisoma

Kila ukiandama mwezi wa Ramadhani, katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Maskati, Dubai na Abu Dhabi hutolewa kabatini kitabu kimoja kinene. Pengine jalada limeshang'oka na limefungwa kwa kitambaa. Upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande wa pili Kiswahili, na chini yake maelezo. Wazee hawakiiti kwa jina lililoandikwa juu yake, Qurani Takatifu. Wao husema tu: niletee Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh. Wajukuu wanakijua kitabu, lakini mwenyewe aliyekiandika wengi hawamjui. Nimeona katika mwezi huu si vibaya tukamtaja, kwani ni haki yake juu yetu.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, mwanzoni mwa utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub. Ukoo wa Al-Farsy una jamaa zake hapa Oman, lakini yeye alikuwa mtoto wa Unguja khalisi, kwa malezi, kwa lugha na kwa elimu. Madhehebu yake yalikuwa ya Kishafi. Nalitaja hilo kwa sababu leo kitabu chake kimo katika nyumba za Maibadhi na za Mashafi sawasawa, na sijaona nyumba iliyokikataa kwa ajili ya madhehebu ya mwandishi.

Unguja aliyozaliwa ilikuwa mji wa elimu. Walikuwapo wanavyuoni wawili wakubwa, Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, ambao watu walitoka mbali kuja kusoma kwao. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Abdulla wakati huo alikuwa na umri wa miaka 13 tu. Hakuwahi kukaa mbele yao kama mwanafunzi mkubwa, lakini aliwahi kusoma kwa wana wao, Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumeit, ambaye baadaye alikuwa Kadhi mkubwa wa Unguja. Kwa hivyo elimu aliichota katika kisima kile kile, ingawa ndoo ilishikwa na mkono wa pili.

Kuna jambo moja katika malezi yake ambalo naona ndilo lililoleta kila kitu kilichofuata. Sheikh Abdulla alisoma kuwili. Alisoma chuoni na misikitini kama walivyosoma wazee wake, na alisoma skuli ya serikali, akasomea ualimu, akawa mwalimu wa skuli kuanzia miaka ya 1930. Masheikh wengi wa zama zile walikuwa na elimu ya kwanza bila ya hii ya pili. Waliijua dini sana, lakini walisomesha watu wazima waliokuja kwao kwa hiari, wameketi duara mbele ya kitabu cha Kiarabu. Yeye alisimama kila asubuhi mbele ya watoto wa kawaida, wenye kusahau na wenye kusinzia, na mwalimu wa watoto hujifunza haraka kwamba kujua jambo ni kitu kimoja, na kulifahamisha ni kitu kingine.

Baadaye alifanywa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, na katika miaka ya 1950 akawa mkuu wa skuli iliyosomesha kwa lugha ya Kiarabu. Huko kote alikuwa akiandika. Aliandika maisha ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Aliandika juu ya Sayyid Said bin Sultan, aliyeyahamishia makao yake Unguja kutoka hapa Maskati. Aliandika hata juu ya ada za harusi za Unguja, kitabu kilichotoka mwaka 1956. Vyote hivyo kwa Kiswahili, na kwa herufi za kirumi zilizokuwa zikisomeshwa skuli, ili mtoto wa skuli aweze kusoma na kumsomea mama yake nyumbani.

Sasa tuangalie hali ya Qur'ani ilivyokuwa kwa watu wetu wakati ule. Mtoto alipelekwa chuoni akiwa mdogo. Alianza na alifu, akenda mpaka juzuu amma, kisha akaendelea mpaka akahitimu msahafu mzima. Siku ya kuhitimu ilikuwa siku ya furaha, kwa halua na nguo mpya. Lakini mtoto huyo, aliyeweza kusoma kurasa zote bila ya kukosea irabu, mara nyingi hakujua maana hata ya aya moja. Maana ilikuwa kwa masheikh. Aliyeitaka alikwenda msikitini kuhudhuria darsa, khasa mwezi wa Ramadhani, sheikh akasoma tafsiri ya Kiarabu kama Jalalayn na kuieleza kwa mdomo kwa Kiswahili. Darsa ikiisha, kilichobaki ni kile mtu alichoweza kukishika kichwani. Na wanawake waliokuwa nyumbani wakipika futari, wao hata hicho hakikuwafikia.

Nitasema kidogo juu ya nafsi yangu, kwa sababu bila ya hivyo sitaweza kueleza kitabu hiki kilifanya nini. Mimi nilisomeshwa skuli ya misheni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na ndiyo baba aliyoiona ina masomo mazuri. Jioni nikivaa kanzu na kofia nikenda chuoni. Nilipofika umri wa miaka 14, ukiniuliza hadithi za Biblia nilikuwa naweza kukusimulia moja baada ya moja, kwani tulizisoma kwa lugha tuliyoifahamu. Ukiniuliza Surat Yasin inasema nini, sura iliyokuwa ikisomwa kwetu kila usiku wa kuamkia Ijumaa, nilikuwa sina jibu. Niliijua kwa ulimi wote na sikuijua kwa akili hata kidogo. Sikumlaumu mtu. Lakini nilikuwa naona haya.

Watu wa misheni walikuwa wameliona pengo hilo mapema kuliko sisi. Tafsiri ya kwanza nzima ya Qur'ani kwa Kiswahili kupigwa chapa haikuandikwa na Muislamu. Iliandikwa na Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA ya Unguja, ikatoka mwaka 1923, na maelezo yake yalikuwa ya mtu anayeitazama Qur'ani kwa jicho la Kikristo, kwa matumizi ya waalimu wa dini yake. Ikapita miaka 30. Mwaka 1953 Jumuiya ya Ahmadiyya ikatoa tafsiri yake Nairobi, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Hiyo nayo wanavyuoni wa pwani hawakuikubali, kwa kuwa baadhi ya maelezo yake yalikwenda kinyume na itikadi yao.

Si kwamba wanavyuoni wetu walilala. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikwishaianza kazi hiyo, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Wengine waliogopa, na khofu yao haikuwa ya kijinga. Waliona kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayawezi kuhamishwa kwa lugha nyengine yakabaki vile vile. Waliogopa watu wataacha Kiarabu. Waliogopa pia kwamba kila atakayeshika kitabu atajifanya mufti.

Sheikh Abdulla alikuwa miongoni mwa wanavyuoni hao, na khofu hizo alizijua. Alichoona ni kwamba mlango umekwishafunguliwa na wengine, na suala halikuwa tena kama Waswahili watasoma maana ya Qur'ani kwa lugha yao, bali wataisoma kwa nani. Aliiandikia majibu ile tafsiri ya Ahmadiyya, lakini hakutosheka na kujibu. Alijua kwamba mtu mwenye njaa humwambii tu chakula kile kibaya, bali humpa kingine. Kwa hivyo akaanza kuandika chake.

Hakukitoa kwa mara moja. Katika miaka ya 1950 zilitoka kwanza sura chache, kisha juzuu moja moja, vitabu vidogo vya bei ndogo. Mimi niliyefanya kazi ya ukarani maisha yangu yote najua kazi ya namna hiyo inataka nini. Mtu ana kazi ya serikali mchana, ana skuli za kuzikagua, ana darsa za kusomesha, ana watu wanaobisha mlango kutaka fatwa. Katikati ya hayo anakaa na aya moja, anaangalia wafasiri wa Kiarabu wamesema nini, kisha anatafuta neno la Kiswahili ambalo mvuvi na mkulima wa karafuu watalifahamu. Aya zinapindukia 6,200. Mpaka kitabu kizima kikamilike ilipita miaka mingi.

Na kabla hakijakamilika, dunia aliyokianzia iliondoka. Mwaka 1960 alikuwa amefanywa Kadhi wa Unguja. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa hayo, kwani wengi wetu tuko huku kwa sababu yake. Wanavyuoni wengi walitawanyika. Mwalimu wake, Sayyid Omar bin Sumeit, aliondoka, akaja kufia Ngazija mwaka 1976. Sheikh Abdulla alibaki mpaka 1967, kisha naye akatoka Unguja kwenda Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 55, umri ambao mtu hutazamia kupumzika kwao, katikati ya watu wake na vitabu vyake.

Kenya ilimpokea. Mwaka 1968 alishika ukadhi mkuu wa nchi hiyo, makao yake Mombasa, baada ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Na mwaka 1969, Taasisi ya Kiislamu ya Nairobi ikaichapisha tafsiri yake kwa ukamilifu, juzuu zote 30 ndani ya jalada moja. Kitabu kilichoanzwa Unguja kikamalizikia ugenini.

Ukikifungua utamuona yule mwalimu wa skuli mwanzo mpaka mwisho. Kwanza, Kiarabu hakukiondoa. Amekiweka ubavuni mwa Kiswahili, aya kwa aya, ili msomaji asidhani kwamba tafsiri ndiyo Qur'ani, na ili mwenye kusoma Kiarabu aweze kutupa jicho upande wa pili na kujua yuko wapi. Ile khofu ya kwamba watu wataacha Kiarabu aliijibu kwa namna hiyo. Pili, amejaza mabano. Pale Kiarabu kinaposema kwa ufupi, yeye anaongeza ndani ya mabano nani anayesemeshwa na jambo gani linalokusudiwa. Wataalamu wengine wa lugha hawayapendi mabano hayo, wanasema yanakata mwendo wa maneno. Huenda ikawa kweli. Lakini hayakuandikwa kwa ajili yao. Yaliandikwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake na kitabu, asiye na sheikh wa kumuuliza. Hata Bismillahi hakuipita hivi hivi. Alieleza tofauti ya majina mawili ya rehema yaliyomo ndani yake, moja likielekea kwenye neema kubwa na jengine kwenye neema ndogo, na mpaka leo wako watu wazima wanaoyakumbuka maelezo hayo tangu utotoni.

Tatu ni lugha yenyewe. Ni Kiswahili cha Unguja, cha mtu anayezungumza na watu wake barazani, si cha mtu anayetaka kuonekana msomi.

Kitabu hiki kiliingia nyumbani kwetu nilipokuwa kijana, nimeshaanza kazi Mombasa. Mama yangu alikuwa akihitimu msahafu kila Ramadhani, na katika mtaa wetu yeye ndiye aliyekuwa akiisomea maji Surat Maryam, akapelekewa mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Ndivyo alivyofanya mamake kabla yake. Ramadhani moja, baada ya tarawehe, nikamsomea sura hiyo kwa Kiswahili. Nilipofika pale Bibi Maryam anaposhikwa na uchungu chini ya mtende, yuko peke yake, anatamani kama angalikufa kabla ya siku ile, kisha anaonyeshwa maji chini yake na kuambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbichi, mama akanizuia. Akataka nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama hayo yamo kweli ndani ya sura, au nimeyatia mimi. Nikamwonyesha Kiarabu chake ubavuni, akakisoma mwenyewe kwa sauti, polepole, kama anayekiona mara ya kwanza. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akiwasomea wazazi sura yenye habari za mzazi, wala hakuwa na wa kumwambia. Usiku ule hakusema mengi. Kesho yake, kabla ya daku, aliniamsha yeye, akataka tuendelee.

Naamini nyumba nyingi za wasomaji wa hapa zina kisa mfano wa hiki.

Nisije nikaeleza maisha ya Sheikh Abdulla kama kwamba yalikuwa asali tupu. Huko Kenya aliandika na kusema waziwazi juu ya mambo aliyoyaona ni bid'a katika ada zetu za dini, na vitabu vyake juu ya hayo viliwaudhi wengi, wakiwamo watu wa heshima na elimu. Yeye mwenyewe katika umri mdogo zaidi alikuwa ameitafsiri Maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili, na wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha hilo. Mjadala huo haujesha mpaka leo, na mimi si mtu wa kuuhukumu. Ninachoona ni kwamba ile khofu ya wazee ilikuwa na ukweli ndani yake. Watu wakishafahamu wanachokisoma, wataanza kuuliza, na maswali mengine hayawastareheshi wakubwa. Sheikh alilipa gharama ya hilo mwenyewe. Kwa upande mwengine, ni yeye aliyeandika pia kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1972, na humo akawahifadhi masheikh wa kila mwelekeo, waalimu wake na wasiokuwa waalimu wake. Lau si kitabu hicho, mengi katika habari zao yangezikwa nao. Baadaye kilifasiriwa kwa Kiingereza na sasa kinasomwa katika vyuo vikuu.

Alipostaafu ukadhi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuja Oman, kama walivyokwishakuja jamaa zetu wengi. Hakukaa sana. Alifariki hapa Maskati mwezi wa Novemba 1982, akiwa na umri wa miaka 70. Mwanafunzi wake, Sheikh Saidi Musa, aliandika kitabu juu ya maisha yake. Baada yake zimetokea tafsiri nyengine, ikiwamo ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, iliyotoka mwaka 1995, ambayo Kiswahili chake ni kitamu na wengi wanaipenda. Hilo si la kushindanisha. Aliyetangulia kukata njia hapunguziwi thawabu na waliopita nyuma yake.

Narudi kwenye Ramadhani yetu ya leo na watoto wetu. Hali imegeuka. Zamani mtoto ndiye aliyekuwa na Kiswahili cha kusoma, akamsomea mama. Leo wajukuu zetu waliozaliwa huku wanakijua Kiarabu cha skuli vizuri kuliko sisi, na Kiswahili ndicho kinachowapiga chenga. Bibi naye Kiarabu chake ni cha msahafu tu. Wanakaa sebule moja, wote wamefunga, kila mmoja anasoma juzuu yake kimya, na baina yao hakuna lugha ya kuzungumzia walichokisoma. Kitabu cha Sheikh Abdulla kina pande mbili. Mjukuu asome upande wa kulia, bibi au babu asome wa kushoto. Mmoja akikwama, mwenzake yupo.

Si lazima iwe juzuu nzima. Anayesoma juzuu moja kila siku, siku ya pili tu atazikuta aya za saumu katika Surat Al-Baqara, ikiwamo ile inayotuambia kwamba huu ndio mwezi ulioteremshwa Qur'ani kuwa uwongofu kwa watu. Na siku ya mwisho, ndani ya juzuu amma, ataikuta sura ya usiku wa cheo. Tunajua pia kwamba Jibrili alikuwa akimjia Mtume kila Ramadhani wakiipitia Qur'ani pamoja, na mwaka wa mwisho wa uhai wake waliipitia mara mbili. Kuipitia wawili wawili, basi, si jambo jipya.

Basi mwaka huu kitabu kikitolewa kabatini, kabla hakijafunguliwa mtajeni mwenyewe, na muelezeni mtoto kwamba huyu alikuwa mwalimu wa skuli wa Unguja, kadhi aliyehama kwao utu uzimani na mwenye kuzikwa ugenini, aliyetumia miaka yake kututafutia maneno. Kisha mumsomee Fatiha.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ailaze roho yake mahali pema, na atukubalie funga zetu na zenu.